Biashara sio wewe: niliyoongea Jumamosi na wafanyabiashara wadogo wa Morogoro

Wengi hamkufika Jumamosi na meseji zenu nimezipata, kwa hiyo nimeamua kuweka yote hapa kama nilivyoongea, na pale watu walipojibu nimeacha majibu yao. Mambo ya ubaoni nimeyaruka.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na wengine wote, habari za mchana.

Mama zangu, kaka zangu, na nyie vijana wa bodaboda mliopaki pale nje, asanteni kwa kuja. Najua leo ni Jumamosi, na Jumamosi kwa mfanyabiashara ndo siku yenyewe, kila dakika unayokaa kwenye hiki kiti cha plastiki kuna mteja anapita kibandani kwako anakuta umefunga. Kwa hiyo muda wenu nauheshimu kama hela.

Naanza na maswali. Nani hapa ana biashara, hata kama ni ya karanga? (Mikono karibu yote.) Haya. Nani anajua mwezi uliopita alipata faida shilingi ngapi, sijasema mauzo, nimesema faida? (Mikono minne.) Sasa la tatu. Nani akichukua elfu kumi kwenye droo ya duka lake kwenda kununua dawa ya mtoto, anaandika mahali kwamba amechukua? (Mkono mmoja, wa mama anayeuza vitenge pale karibu na Soko la Chifu Kingalu. Tukampigia makofi.)

Basi ndugu zangu, nimekuja na neno moja tu leo. Biashara sio wewe. Semeni na mimi. (Biashara sio wewe!) Wewe una tumbo, una watoto, una harusi za watu na misiba ya kijijini. Biashara ina mtaji wake, ina madeni yake, ina wateja wake. Mnaishi pamoja lakini sio mtu mmoja, na siku ukimchanganya huyu na yule, wote wawili mnakufa njaa.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sikilizeni hilo neno la mwisho, bila habari. Mwizi akivunja duka utapiga kelele, majirani watakuja, utaenda polisi. Ila mtaji ukiliwa kidogo kidogo hakuna anayepiga kelele, unakuja kushtuka asubuhi moja huna hela ya kununua mzigo na hujui imeenda wapi, halafu unaanza kumshuku jirani.

Kuna dada mmoja alinijia mwaka juzi, anauza chipsi, simtaji na wala hayupo hapa. Akaniambia dada, mimi nauza sana, kibanda kinajaa mpaka saa tano usiku, lakini kila mwezi nakopa. Nikamwambia lete hesabu. Hana. Basi tukakaa wiki nzima tunaandika, kila jioni ananitumia. Mauzo yake kwa siku yalikuwa kama 120,000. Mnaonaje, ni pesa? (Ni pesa!) Ni pesa kweli. Haya, viazi 36,000. Mafuta 24,000. Mayai 9,000. Mkaa 6,000. Nyanya, vitunguu, pilipili, vifungashio, 5,000. Kijana wa kumenya 8,000. Eneo 3,000. Jumlisheni. (Tisini na moja!) Tisini na moja elfu. Inabaki 29,000.

Sasa kwenye hiyo 29,000, kwa kijumbe, yaani anayekusanya hela za mchezo wa kupeana, kila siku dada anatoa 10,000. Rejesho la kausha damu, ile mikopo ya riba kali, 12,000, na mnajua jina lile halikutungwa bure. Matumizi ya nyumbani 15,000. Hiyo ni 37,000. Ana 29 anatumia 37. Zile 8,000 zinatoka wapi? (Kwenye mtaji!) Kwenye mtaji, mama. Kila siku dada yetu alikuwa anakula 8,000 ya mtaji huku kibanda kimejaa watu, na kwa mwezi hiyo ni 240,000. Mtaji wake ulikuwa 480,000. Ndani ya siku 60 umekwisha, anarudi kukopa tena, analipa riba ili apate kitu cha kula tena. Na hapo ndipo wengine huambiwa amerogwa.

Na bado kuna hela mbili hajazihesabu. Ya kwanza ni jasho lake. Angemwajiri mtu wa kukaanga angemlipa hata 10,000 kwa siku, sasa yeye anakaanga mwenyewe bure, kwa hiyo ile 29,000 sio faida yote, 10,000 ni mshahara wake na faida ya biashara ni 19,000. Ya pili ni karai na jiko. Vinachakaa. Karai la 150,000 likidumu siku 300, kila siku limekula 500, iweke pembeni kila siku, maana likitoboka halitakusubiri uchange.

Tulichofanya ni kitu kidogo sana. Laini ya pili ya simu, lipa namba inaingia kule tu. Yeye akajipangia mshahara wa 10,000 kwa siku, akitaka zaidi anaandika kwenye kauntabuku kwamba fulani amekopa kwa biashara, jina lake mwenyewe limeandikwa pale kama mteja mwingine yeyote. Akaniambia dada, siku ya kwanza nilivyoandika jina langu kwenye madeni nililia. Deni la kausha damu lilichukua miezi saba kuisha. Kibanda ni kilekile, wateja ni walewale, ila siku hizi hakopi.

Na wewe mwenye duka unayekopesha mtaa mzima, usifurahie tu kwamba daftari linasema una faida. Faida iliyo mifukoni kwa watu hainunui mzigo. Kuna biashara zinakufa zikiwa na faida kwenye karatasi, nimeziona nyingi kuliko zile zilizokufa kwa kukosa wateja. Haya, hilo tusikae nalo, mwenye kusikia amesikia.

Sasa twende kwenye makaratasi, maana hapa ndo mnaponiuliza sana, dada nisajili kitu gani.

Watu wengi wakishapata kile cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, wanasema nimefungua kampuni. Hapana. Ukisajili jina la biashara umesajili jina tu. Kwenye macho ya sheria wewe na duka bado ni mtu mmoja, duka likidaiwa unadaiwa wewe, na mdai akishinda kesi anaweza kufuata kiwanja chako na friji la nyumbani. Sio jambo baya, wengi wetu hapa ndo saizi yetu, ni rahisi, ni haraka, bosi ni wewe. Ila ulijue. Duka lako likianguka linakuangukia wewe.

Halafu kuna ubia. Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi, kwa sababu hapa nilikulia.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na rafiki yake wa damu, wametoka kijiji kimoja, wamebatizwa siku moja. Wakachanga wakanunua Fuso kuukuu, nusu kwa nusu. Walikuwa wanabeba mboga na nyanya kutoka Mgeta wanapeleka Dar. Nyumbani tulikuwa tukisikia honi ya lile gari tunakimbia barabarani. Kadi ya gari iliandikwa jina la yule rafiki kwa sababu siku ya kununua ndo yeye aliyekwenda, na baba hakuona shida, ataonaje shida kwa ndugu yake? Hakuna karatasi waliyoandikiana. Hata moja. Ungewaambia waandikiane wangekasirika, wangekwambia unawachonganisha.

Yule rafiki akafariki ghafla. Baada ya arobaini familia yake ikakaa, wakafungua mirathi, na kwenye mirathi kukawa na Fuso, kadi inasema ni la marehemu. Sio watu wabaya wale, nawaambia ukweli, hawakujua. Walikuwa mjane na watoto wanaoona kadi yenye jina la baba yao. Baba yangu akawa anasimama mbele yao kama mtu anayetaka kudhulumu yatima. Gari likaenda.

Lakini halikuishia hapo. Yule rafiki alikuwa amekopa matairi sita mjini kwa ajili ya gari, baba hata hakujua. Mwenye matairi alikuja nyumbani kwetu, akasema nyie mlikuwa wabia, mwenzio amefariki, nakudai wewe. Na kisheria alikuwa sahihi. Kwenye ubia kila mbia anaweza kumfunga mwenzake kwa deni la biashara, akikopa mmoja mmekopa wote. Kwa hiyo mzee gari hana, na matairi ya gari lile amelipa yeye, kwa mahindi, kwa miaka miwili. Nilikuwa darasa la sita.

Ndo maana mkija kwangu wawili mnacheka mnasema sisi ni marafiki tangu shule, sisi hatuhitaji kuandikiana, mnaniona nanyamaza kwanza. Jamani. Andikianeni KWA SABABU mnapendana. Nani ametoa shilingi ngapi. Faida tunagawanaje, maana msipoandika sheria inachukulia ni sawa kwa sawa, hata kama wewe ulitoa robo tatu. Nani anaruhusiwa kukopa na mwisho wake ni kiasi gani. Mali iko kwa jina la nani. Mmoja akifa, akiumwa, akihama, akioa mtu mwenye mipango mingine, inakuwaje. Karatasi mbili tu, mashahidi, mwanasheria agonge muhuri. Baba yangu na rafiki yake wangekuwa na hizo karatasi mbili, yule mjane angepata nusu yake kwa heshima na baba angebaki na nusu yake, na sisi watoto tungeendelea kucheza pamoja.

Ya tatu ni kampuni. Na kampuni, ndugu zangu, ni kitu cha ajabu, kwa sababu hapo ndipo sheria yenyewe inasema lile neno letu. Biashara sio wewe. Kampuni ni mtu. Haina damu, haina mkono, lakini inamiliki gari, inadai, inadaiwa, inashitaki na kushitakiwa kwa jina lake.

Ilitokeaje? Palikuwa na mtengeneza viatu London, Whitechapel, anaitwa Aron Salomon. Biashara yake ilikuwa nzuri, ya kwake mwenyewe kama duka lako wewe. Mwaka 1892 akaunda kampuni. Sheria ya Uingereza wakati huo ilitaka wanahisa saba, basi akachukua yeye, mke wake na watoto wao watano, jumla saba. Akaiuzia kampuni ile biashara yake. Hisa zilikuwa 20,007, za kwake 20,001, na wale sita kila mmoja moja moja. Na kwa kuwa kampuni haikuwa na hela yote ya kumlipa, sehemu ya bei ikabaki kama deni, pauni 10,000, lenye dhamana ya mali ya kampuni. Mnaona? Anaidai kampuni yake mwenyewe, na deni lake liko mbele ya wadai wasio na dhamana.

Mambo yakaharibika, migomo, oda zikapungua, kampuni ikafa. Waliomuuzia vitu kwa mkopo bila dhamana wakaja. Mfilisi akasema hii kampuni ni Salomon amevaa koti tu, alipe yeye. Mahakama za chini zikakubali. Kesi ikapanda mpaka juu kabisa Bunge la Mabwana, na mwishoni mwa 1896 wakasema hapana. Kampuni ikishasajiliwa kihalali ni mtu mwingine kabisa na wale wanahisa. Salomon hadaiwi.

Hukumu hiyo ndo imebeba kampuni zote mnazoziona, mpaka zile za kwetu kwa sheria yetu ya makampuni ya 2002. Kampuni ikifa, unapoteza ulichoweka kwenye hisa, nyumba yako inabaki. Ndo maana mtu anathubutu kujaribu kitu kikubwa.

Lakini msiichukulie kama kichaka. Kwanza ukienda benki na kampuni yako changa, watakuletea fomu moja pale katikati ya fomu nyingi, dhamana binafsi ya mkurugenzi. Ukisaini ile, deni hilo umejirudisha mwenyewe kule kwenye jina la biashara, nyumba iko mezani. Isome. Pili, kampuni ina kazi zake, kila mwaka unapeleka taarifa BRELA, hesabu lazima ziandaliwe, kodi ni asilimia 30 ya faida, na hela ya kampuni huchukui kama unavyochota ugali, unachukua kwa mshahara au kwa gawio baada ya faida kupatikana. Wale mnaotaka kampuni ili tu bango lisomeke vizuri, subirini kwanza.

Na tatu, hili ndo linanisumbua. Wale waliomuuzia Salomon kwa mkopo, walipata nini? (Hawakupata kitu.) Hawakupata kitu. Na Salomon hakuwa tapeli, mambo yalipoharibika aliweka rehani lile deni lake akakopa pauni 5,000 akaziingiza kwenye kampuni kujaribu kuiokoa. Sheria ilikuwa upande wake. Ila kuna watu walitoa mali yao wakiamini wanamuuzia Salomon, kumbe wamemuuzia mtu asiye na damu. Kwa hiyo ule umbali kati yako na biashara unakulinda wewe, na hapo hapo kuna mwenzio anaumia. Je, ukisimama nyuma ya ule ukuta, unaona upande wa pili?

Na sisi watu wa hapa Morogoro tunayo sababu ya kuuliza hilo kuliko watu wengi. Mnakumbuka darasani tulisoma Carl Peters? Alikuja mwishoni mwa 1884, akapita Usagara, Ukami, Nguru, Uzigua, yaani nchi hii hii inayotuzunguka, ndani ya wiki chache akakusanya mikataba imeandikwa kijerumani, machifu wakaweka alama kwenye kitu wasichoweza kukisoma. Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikampa hati ya ulinzi. Sasa mikataba ile hakuichukua mfalme. Iliichukua kampuni. Ikaja kuwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, yenye wanahisa waliokuwa wanasubiri gawio Ulaya na ambao wengi hawajawahi kuuona mto Wami. Mwaka 1888 ikakodi kutoka kwa Sultani wa Zanzibar ukusanyaji wa ushuru wa pwani, watu wake walivyofika Pangani na bendera zao, pwani ikawaka, Abushiri na Bwana Heri wakapigana nao, kampuni ikashindwa, serikali ya Ujerumani ikaleta jeshi la Wissmann. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Na mwaka 1891 serikali ikachukua utawala, kampuni ikaendelea na biashara zake.

Siwaambii hivi ili mchukie kampuni, mimi kampuni ndo zinanilisha, nazifungia hesabu. Nataka muone tu kwamba mtu anayekula faida anaweza kukaa mbali sana na mahali faida inapotoka, mpaka asisikie kilio. Na sio lazima akae Berlin. Hata mita mia tano zinatosha.

Mnakumbuka neno kuchakachua lilivyoingia midomoni kwetu? Mafuta ya taa yalikuwa na ushuru mdogo sana kwa sababu ni ya mnyonge, ya koroboi na jiko la mchina. Wajanja wakawa wananunua mafuta ya taa wanachanganya na dizeli na petroli, wanauza kwa bei ya dizeli, ile tofauti inaingia mfukoni. Injini zikafa. Waliokuwa na daladala na malori enzi zile wanajua, ukiuliza fundi anakwambia pampu imekula mafuta machafu. EWURA, mamlaka inayosimamia mafuta, ikaleta vinasaba mwaka 2010 ili kuyatambua mafuta yaliyochakachuliwa. Na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili mchezo usiwe na faida tena. Umefanya kazi? Ulifanya. Ila ni nani aliyelipa? Bibi. Bibi kijijini ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, akienda dukani na chupa yake ya soda anakuta bei imepanda, hajui ni kwa nini, na hakuna aliyekuja kumweleza kwamba kuna mtu mjini kituo chake cha mafuta kimechanganya.

Maadili ya biashara yanaelezwa kwa maneno makubwa kwenye semina, mimi naona yanaanza kwa swali moja tu, hii faida yangu nani ameilipia na je, anajua?

(Hapa kijana mmoja anayeuza viazi akasimama, akasema: dada, tunakuelewa, lakini sokoni wote wanatumia lumbesa, mimi nikinunua kwa kilo na wenzangu wananunua lumbesa, bei yangu itakuwa juu, wiki mbili nimefunga. Watu wakapiga makofi.)

Asante mdogo wangu. Hilo swali ni la kweli na sitalijibu kwa mahubiri. Ukiwa peke yako, ndio, utaumia. Lumbesa ni nini, kwa wale wasiouza mazao? Ni gunia limejazwa mpaka mdomoni halafu likajengewa kilemba juu, mkulima analipwa gunia moja amebebesha gunia na nusu. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100 na mazao yauzwe kwa mzani, tunajua, na tunajua pia shambani Mgeta saa kumi alfajiri hakuna afisa. Mkulima anakubali kwa sababu nyanya hazisubiri. Halafu mzigo ukifika hapa, sisi wenyewe tunampimia mama wa mtaani kwa kisado kilichobonyea chini. Tumemla wa juu, tumemla wa chini. Nasema tumemla kwa sababu ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye biashara ya nyanya za lumbesa, baba alirudi kwenye kazi hiyo baada ya Fuso kwenda, na mkulima wa Mgeta hakuwahi kujua kwamba amenisomesha.

Sasa sikilizeni aina ya nne, niliiacha makusudi. Ushirika. Mwaka 1844 kwenye mji wa Rochdale, Uingereza, watu 28, mafundi wa kufuma na mafundi wengine, mishahara midogo, na maduka ya pale yanawauzia unga uliochanganywa uchafu na vipimo vya wizi. Yaani chakachua na lumbesa ya kizungu. Kila mmoja peke yake alikuwa hawezi kitu, kama wewe mdogo wangu ulivyosema. Wakachanga pauni moja moja, pauni 28, wakafungua kaduka Desemba ile, kana siagi, sukari, unga, oti na mishumaa. Masharti yao, bidhaa safi na kipimo kamili. Mwanachama mmoja kura moja, hata kama umeweka hela nyingi kuliko wenzio, na faida inarudi kwa mwanachama kulingana na alivyonunua.

Na sisi tumefanya. Wakulima wa kahawa Kilimanjaro waliunda umoja wao 1925, na 1933 ikazaliwa KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, wakauza kahawa yao kwa pamoja, shule zikajengwa. Vyama vikuu vilifutwa 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982, na katikati hapo viongozi wengine wakala hela za wakulima, najua mnalifikiria, wengi hapa mkisikia neno ushirika mnashika mfuko. Mna haki. Ushirika unakufa kwa ugonjwa uleule wa dada wa chipsi, mtu anachanganya mfuko wake na mfuko ambao sio wake, tofauti ni kwamba huku ni mfuko wa watu elfu tatu. Dawa pia ni ileile. Daftari lisomwe mbele ya wote, mweka saini na mshika hela wasiwe mtu mmoja, na anayeuliza swali asiitwe mchochezi.

Kwa hiyo mdogo wangu wa viazi, jibu langu ni hili, wewe peke yako hutaweza, lakini hapa ndani mko wauza mazao wangapi? (Wakahesabiana. Kumi na tisa.) Kumi na tisa. Wale mafundi walikuwa 28 na hawakuwa na lipa namba. Mkinunua pamoja lori moja kutoka Mgeta, kwa kilo, mkulima anayejua atalipwa kilo zake zote atamuuzia nani kwanza siku nyanya zikiadimika?

(Hapo mwenyekiti akaomba nikae kidogo. Maneno yakawa mengi, wengine walisema wataonekana washamba sokoni, mama mmoja wa vitunguu akasema yeye tayari anapima kwa kilo mwaka wa tatu huu na hajafunga. Wakajadili kama nusu saa. Mwisho kumi na nne wakakubali kujaribu kwa msimu mmoja, watano wakasema wataangalia kwanza. Mzani utanunuliwa kwa hela ya mchezo wa mwezi huu, utapelekwa Wakala wa Vipimo ukaguliwe kwanza, na palipoulizwa utakaa kwa nani, sauti zikatoka pande zote kwamba ukae kwa mama wa vitenge, kwa sababu yeye hauzi kitu chochote kwa kilo na jina lake lipo kwenye daftari lake mwenyewe.)